Tabora 1958: Kiongozi Alipoibeba Sheria Mbaya Mbele ya Watu Wake

Wajumbe wa chama cha TANU waliokusanyika Tabora Januari 1958 walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa na sababu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, na kila aliyeusoma aliona jinsi unavyompunja Mwafrika. Kila jimbo lilipewa viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu na kimoja cha Mwasia. Mpigakura alilazimika kuchagua mtu mmoja katika kila kundi. Akiweka alama kwa Mwafrika peke yake, karatasi yake imeharibika na haihesabiwi.

Watu wakauita utaratibu huo kura tatu.

Na si kila mtu aliruhusiwa hata kuishika karatasi hiyo. Mpigakura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe na wadhifa uliotambuliwa na sheria. Sensa ya 1957 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8 Tanganyika, na kati yao Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Mkulima wa Urambo aliyelima ekari zake mwaka mzima, mpagazi aliyebeba magunia stesheni ya Tabora, mama aliyeuza asali sokoni, wote waliachwa nje. Wachache waliobahatika kuingia ndani walikuta wanalazimishwa kumpa kura mgombea wa jamii iliyokuwa ikiwatawala.

Ndiyo maana wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa na jibu moja: kususia. Aliyekuwa na jibu tofauti ni rais wa chama chenyewe, Julius Nyerere, mwenye umri wa miaka 35. Tabora haikuwa ngeni kwake. Alisoma hapo katika shule ya Serikali ya wavulana, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's. Lakini kujulikana na mji hakukutosha kumlinda. Mwezi mmoja tu kabla, Desemba 1957, alikuwa amejiuzulu ujumbe wa kuteuliwa katika Baraza hilohilo kwa kuwa Serikali haikuonyesha nia ya kusogea. Sasa anakuja kuwaambia wenzake waingie kwa mlango ambao yeye mwenyewe ametokea juzi.

Alichokifanya ndani ya mkutano ule kingepaswa kusomwa na kila waziri anayebeba muswada mgumu kwenda bungeni. Hakuipamba sheria. Hakuwaambia wajumbe kwamba hawakuielewa. Alikubali kuwa ni mbaya kama walivyosema, kisha akawauliza ni nani atakayefaidika TANU ikikaa pembeni. Jibu lilikuwa wazi. Mwaka 1956 kilikuwa kimeanzishwa chama cha UTP, kilichopata baraka za Gavana Edward Twining na kushikilia siasa ya uwakilishi wa rangi. TANU ikisusia, UTP ingechukua viti bila jasho na kwenda kuzungumza kwa jina la Tanganyika nzima.

Mjadala ulikuwa mkali, na mwisho wajumbe wakakubali kushiriki. Uamuzi huo umeingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara, lakini siku ile haukuonekana wa busara kwa kila mtu. Zuberi Mtemvu aliuona kuwa ni kusalimu amri, akatoka na kuanzisha chama cha African National Congress. Nyerere alikuwa ameweka rehani uongozi wake. Kama kura zingekwenda vibaya, hakuna gavana wala afisa wa wilaya ambaye Nyerere angeweza kumtupia lawama. Lawama zote zingekuwa zake.

Kazi haikuishia ukumbini. Chama kilichojengwa juu ya madai ya Mwafrika sasa kilipaswa kumwendea mwanachama wake na kumweleza kwa nini ampigie kura pia Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa au Lady Marion Chesham, na kwa nini kufanya hivyo si usaliti. Maelezo hayo yaliwafikia watu. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Magharibi lililokuwa na makao yake Tabora lilikuwa katika awamu ya kwanza. Wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono waliibuka na ushindi mkubwa, na UTP ikafa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 kura tatu haikuwapo tena, na TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mtemvu aligombea urais Novemba 1962 akapata kura 21,276. Nyerere alipata 1,127,978.

Hongo za njiani

Njia iliyowaleta baadhi ya wajumbe wale Tabora ni kongwe kuliko chama chochote. Kabla reli haijafika mjini hapo mwaka 1912, misafara ilipanda kutoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikapumzika Unyanyembe ilipo Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Katika njia hiyo kulikuwa na amri moja iliyozua ugomvi kuliko zote: hongo, yaani ushuru ambao mtawala wa eneo aliwatoza wapita njia.

Wasafiri wa Ulaya waliiandika kama unyang'anyi. Ukiangalia ilivyolipwa, unaona jambo jingine. Msafara ulisimama. Mkuu wa msafara alituma watu kwa mtawala, wakakaa wakazungumza, pengine siku nzima, pengine siku kadhaa. Walihesabu doti za nguo za merikani na kaniki, wakapima ushanga, wakabishana, wakapunguziana. Mkataba ukishafungwa, msafara ulipita katika nchi hiyo, ukanywa maji ya visima vyake na kununua chakula kwa watu wake. Mlipaji alimlalamikia mtozaji usoni, na mtozaji alilazimika kumjibu. Kila mmoja alijua ni nani ametoza, kiasi gani, na kwa ajili ya nini.

Mambo yaliharibika pale makubaliano yalipovunjika. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo, aliyekuwa anapanua himaya yake magharibi ya Tabora, alikorofishana na wafanyabiashara wa Kiarabu juu ya nani ana haki ya kuitawala njia ya Ujiji na masharti ya kuipita. Njia ikafungwa. Waarabu wakaenda vitani, na msafiri Henry Morton Stanley akajiunga nao. Agosti mwaka huo Mirambo aliwashinda, akaiteketeza sehemu ya Tabora. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, na bei ya pembe za ndovu na nguo ikapanda na kushuka kulingana na habari za njia.

Miaka 150 baadaye, Tanzania iliweka ushuru katika njia nyingine ya kupitishia mali, na safari hii hakuna aliyekaa na mlipaji kabla.

Tuma na ya kutolea

Sheria ya Fedha ya 2021 ilipitishwa na Bunge mwezi Juni, na tarehe 15 Julai tozo mpya ya miamala ya simu ikaanza kukatwa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Ilikuja juu ya makato ya kampuni za simu yaliyokuwapo tayari.

Ni lazima kuelewa maana ya hilo katika mkoa kama Tabora. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua au Sikonge ana mtoto sekondari, ana mama Nzega, ana kaka Dar es Salaam. Pesa ya familia inazunguka kwa simu. Kila mtu anajua ustaarabu wake: ukimtumia mzazi, tuma na ya kutolea, maana si heshima mama afike kwa wakala halafu akatwe kwenye hela uliyompa ya kununulia dawa. Asubuhi ya Julai 15, aliyetuma alikatwa tozo, na aliyetoa naye akakatwa. Wakala wa kibandani, ambaye hakutunga sheria yoyote, ndiye aliyeulizwa na wateja: hii nyingine ni ya nini?

Swali hilo lilikuwa na jibu. Serikali ilisema fedha zinakwenda kujenga vituo vya afya, madarasa na barabara za vijijini, na vituo vya afya zaidi ya 200 vilitengewa fedha hizo. Ni matumizi ambayo mwananchi wa Uyui au Igunga asingeyakataa. Tatizo ni mpangilio wa mambo: makato yalitangulia, maelezo yakafuata. Tozo ilipewa jina la mshikamano, lakini mtu aliyekatwa hakuwa ameambiwa anashikamana na nani, kwa muda gani, na kwa nini imchume maskini anayetuma shilingi elfu kumi kabla ya kumgusa tajiri asiyetumia simu kulipia kitu.

Kilichofuata kinafahamika. Siku chache baada ya tozo kuanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza iangaliwe upya. Septemba 2021 ilipunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, lakini wakati huohuo miamala ya benki ikaingizwa, na kelele zikaanza upya. Septemba 2022 Waziri wa Fedha alisimama bungeni kutangaza kufutwa kwa sehemu ya tozo hizo, na bajeti ya 2023/24 ikaondoa tozo ya kutuma fedha kwa simu.

Kwa haki, ni vizuri kusema kwamba Serikali ilisikia. Viongozi wengi wa Afrika wamepeleka polisi barabarani kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo, miaka miwili ya kurekebisha na kurekebisha tena iliacha kovu. Kuna wananchi ambao mpaka leo wakikiona kituo cha afya kilichojengwa kwa fedha zile hawakumbuki huduma, wanakumbuka makato. Kiongozi akiacha nafasi ya kueleza, nafasi hiyo haikai wazi. Inajazwa na uvumi, na hasira, na mzaha wa vijiweni, na baada ya hapo hata ukweli ukija unaonekana ni kisingizio.

Ufasaha nao una hatari yake

Hapa pana jambo ambalo wapenda historia ya Tabora huliruka. Kiongozi anayejua kusema anaweza kuifanya sheria mbaya ipokewe vizuri. Nyerere wa 1958 na Nyerere wa miaka iliyofuata walikuwa na kipaji kilekile.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, alikitumia vizuri. Muswada wa uraia ulipofika bungeni, wabunge kadhaa walitaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa Waafrika peke yao. Katika nchi iliyotoka kwenye ubaguzi wa rangi, hoja hiyo ilikuwa na mashabiki wengi mitaani. Nyerere hakusubiri upepo upite. Alisimama akawaambia waziwazi kuwa anaona hatari ya ubaguzi mwingine, na kwamba kama Bunge litaukataa msingi huo Serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita. Wale waliokuwa wanaichukia sheria hiyo walijua wa kumchukia ni nani.

Septemba 1962 ikapitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Nayo ilitetewa, kwa hoja kwamba nchi changa haina uwezo wa kustahimili hujuma. Utetezi huo ulikubalika kwa wengi kwa sababu waliwaamini waliousema. Ilichukua karibu miaka 30 hadi Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa na Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1991, ilipoiweka katika orodha ya sheria zipatazo 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Katika miaka hiyo 30, imani ya wananchi kwa viongozi wao ilitumika kuifunika sheria iliyowafunga baadhi yao bila kesi.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa kama sheria imepokewa kwa makofi. Kipimo ni kama watu wameambiwa yote: inamlinda nani, inamwumiza nani, na anayeileta anaweka nini chake mwenyewe mezani.

Tume hiyohiyo ya Nyalali ilitoa mfano wa upande mwingine. Asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Chama tawala kingeweza kujificha nyuma ya namba hiyo na kulala usingizi mzuri. Lakini tume ikapendekeza vyama vingi, Nyerere aliyekuwa ameshang'atuka akautetea mjadala huo mbele ya wanachama wake, na Julai 1, 1992 sheria ikaanza kutumika. Wananchi walio wengi walielezwa kwa nini wachache hawapaswi kunyimwa jukwaa.

Tabora ilikuwa na mtu wake katika mabadiliko hayo. Chifu Abdallah Said Fundikira, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe, aliongoza mwaka 1991 kamati iliyodai mageuzi ya Katiba. Huyu ndiye aliyekuwa Waziri wa Sheria katika baraza la mawaziri la Uhuru, la Serikali iliyokuja kuondoa mamlaka ya machifu nchi nzima mwaka 1963. Utemi wake mwenyewe ulikwenda na sheria hiyo. Mwaka huohuo alijiuzulu uwaziri. Katika vijiji vya Unyamwezi, ambako mtemi alikuwa mwamuzi wa ardhi, mirathi na ugomvi wa ng'ombe, watu walishuhudia mamlaka hayo yakihamia kwa maofisa wa Serikali.

Sheria mbili, binti mmoja

Jaribio kubwa zaidi la uongozi kwa Tabora ya leo halipo kwenye kodi wala kwenye vyama. Lipo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971.

Sheria hiyo ilitanguliwa na Waraka wa Serikali wa 1969 uliotolewa ili wananchi wajadili mapendekezo, na kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa ya kuunganisha ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali. Lakini vifungu vya 13 na 17 viliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na hata miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa afike 18. Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka ukapita bila marekebisho, na Serikali ikaendelea kukusanya maoni.

Mwaka 2016 huohuo Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na kumwoa mwanafunzi kukawa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Sasa chukua binti wa miaka 15 katika kijiji cha Kaliua. Akiwa darasani, anayemwoa ni mhalifu. Akifeli mtihani wa darasa la saba, akabaki nyumbani, Sheria ya Ndoa inamruhusu baba yake kupokea ng'ombe wa mahari. Mtendaji wa kata anaitwa kuamua kati ya sheria mbili za nchi moja, na baba anaona kwamba Serikali yenyewe haijui inachotaka.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulionyesha kuwa Tabora, asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Ni Shinyanga pekee iliyoizidi, kwa asilimia 59. Hao walikuwa zaidi ya nusu ya mabinti wa rika moja katika mkoa mmoja. Mwanasiasa anayetegemea kura za wazazi wao anajua hesabu hiyo vizuri, na ndiyo sababu wengi wamechagua kuiachia mahakama, wafadhili na asasi za kiraia kazi ya kusema. Matokeo yake, katika mabaraza mengi ya wazee marekebisho ya sheria yanazungumzwa kama jambo la watu wa mjini na wazungu, wakati kesi imefunguliwa na Mtanzania, ikaamuliwa na majaji Watanzania kwa Katiba ya Tanzania.

Wazazi wana maswali ya kweli. Binti aliyefeli na hana ada ya chuo cha ufundi atafanya nini hadi afike 18? Akipata mimba akiwa 16, nani atamlea yeye na mtoto? Mahari iliyokwisha kupokelewa itarudishwaje? Imamu na padri wamehusishwa vipi? Maswali haya hayajibiwi kwa tangazo la redio wala bango la njiani. Yanajibiwa na mtu anayejulikana kwa jina, aliyesimama mbele ya wauliza maswali, aliye tayari kukosa kura zao.

Mkoa una wilaya saba: Tabora Mjini, Uyui, Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua. Wabunge wake wana muda wa kuzunguka zote kabla muswada wa marekebisho haujafika Dodoma. Wanaweza kubeba maamuzi yote mawili ya mahakama, wakayasoma kwa Kiswahili chepesi katika mikutano ya hadhara, wakasikiliza wanaopinga hadi mwisho, na kutamka hapohapo watakavyopiga kura na kwa nini. Serikali nayo inaweza kuja na jibu la ada za chuo cha ufundi na la binti aliyepata mimba, likiwa limeandikwa na kutengewa fedha, siku hiyohiyo inapoomba umri upandishwe.